Gari la Bosi Halikwaruzwi

Tarehe 9 Machi

Kaka yangu,

Shikamoo. Najua umecheka, maana tulipokuwa nyumbani pamoja nilikuwa nakupita mlangoni bila hata salamu, na leo nakuamkia kwa karatasi. Sisi tupo. Kikohozi cha mama kimepungua ila kuamka bado ni kwa kushikwa mkono. Chumba tulichohamia kina dirisha moja linalotazama ukuta wa jirani, na mama anasema afadhali ukuta kuliko kutazama majengo ya yule mtu. Anasema pia ule chakula chote wanachokupa, uache kuchagua maharage kama kuku.

Nimepata kazi. Naosha magari nyuma ya kituo cha mafuta, pale njia panda. Msimamizi alinitazama juu mpaka chini akaniuliza, "Binti, ndoo utaiweza?" Nikanyanyua mbili, nikamuuliza na yeye anataka kunyanyuliwa? Akacheka, akanipa buti.

Sasa habari yenyewe. Jumamosi iliyopita liliingia gari jeusi limejaa tope mpaka kwenye vioo. Gari sikulijua. Mwenye gari aliposhuka ndipo nilipojua, kwa ile picha yenu aliyoitunza mama: mnene, shingo imekaa juu ya kola kama mkate ulioumuka, pete ya dhahabu kwenye kidole cha mwisho. Bosi wako. Hakunijua, angenijulia wapi? Miaka yote uliyomwendesha nilikuwa kwa shangazi, na mahakamani hakutia mguu. Akanirushia funguo. "Binti, huyu ni mke wangu wa pili. Ukimkwaruza utanitambua."

Kaka, mimi nayajua yale tu uliyoninong'oneza siku ya hukumu, askari akikuvuta. Kwamba mlikuwa mnatoka kwenye jengo lake, mvua inanyesha, yeye ndiye aliyeshika usukani na pombe kichwani. Kwamba alimgonga muuza maziwa na baiskeli yake, akamvunja mguu, akakusihi ukubali kosa na kusema ulikuwa peke yako, yeye alikuwa nyumbani amelala. Naye angemtunza mama. Alivyomtunza tuliona: mwezi haukuisha, godoro letu lilikuwa nje ya nyumba yake ya wafanyakazi, na mama amelikalia kwenye mvua. Afande anayesoma barua hii na asome. Si siri, ni kwamba hakuna aliyeuliza.

Niliosha gari lile. Wewe ndiye uliyelilea. Hebu niambie, linaoshwaje lisikwaruzike?

Mdogo wako,
Chiriku


Tarehe 2 Aprili

Chiriku,

Marahaba. Barua yako ilinifikia imefunguliwa na kubandikwa tena, kama kidonda. Mimi mzima. Tunalala tumebanana kiasi kwamba mmoja akitaka kugeuka lazima tuitane wote tugeuke. Nimepangiwa karakana ya useremala, na hapa nilipo nimepiga randa mbao za viti ambavyo sijui nani atavikalia. Mwambie mama nakula hata maharage yenye mawe.

Umeniuliza gari linaoshwaje. Kwanza, usiliguse. Tope likishakauka ni msasa. Mwagia maji kuanzia paani, shuka kwenye vioo, shuka ubavuni, halafu kaa pembeni liloe. Mwagia tena mpaka tope lidondoke kwa uzito wake lenyewe. Hapo ndipo ushike sponji laini yenye povu jingi, uende kwa mstari ulionyooka bila kukandamiza. Ndoo ziwe mbili, moja ya sabuni na moja ya kusuuzia sponji, maana mchanga ukirudi kwenye sabuni umerudi kwenye rangi. Matairi yana sponji yake, na isikutane na boneti hata kwa bahati mbaya. Kukausha, taulo inalazwa na kuinuliwa, haiburutwi. Yote hayo kivulini. Hivyo ndivyo nilivyolifanyia kila asubuhi, kiangazi na masika. Mtoto mchanga haogeshwi vizuri hivyo.

Sasa nikuonye. Mwoshaji mjinga huokota tambara kavu, ikiwezekana lililodondoka chini, akasugua tope kavu kwa kuzungusha, tena kwa nguvu za bega. Usifanye hivyo. Hasa usifanye kwenye boneti, na hasa usifanye kwenye mlango wa dereva. Ukifanya, siku ileile hutaona kitu, kwa sababu rangi nyeusi ni nafiki. Lakini jua la kesho likipiga, boneti zima litakuwa utando wa buibui, na mtu kama Bosi atauona akiwa ghorofani, na atalia kama aliyefiwa. Basi usifanye, mdogo wangu. Nadhani umenielewa. Wewe hukuwa mzito wa kuelewa.

Na afande akifika hapa aone jinsi ninavyomhimiza dada yangu awe makini kazini.

Kaka yako


Tarehe 11 Mei

Kaka yangu,

Shikamoo, na unisamehe kwa kukawia. Huku kulikuwa na mambo ya hapa na pale. Shangazi alikuja, akakaa siku kadhaa, amerudi kwake. Anakusalimu sana. Nimehamisha kitanda, sasa kipo chini ya dirisha. Mama amelala, sikutaka kumsumbua kwa salamu.

Maelekezo yako nimeyafuata. Ndoo mbili, kivuli, taulo ya kulaza. Msimamizi alipoona nimeliacha tope liloe huku foleni ya magari inangoja, alinifokea, "Unalipikia chai?" Lakini Bosi alizunguka gari lake lote, akainama, akalitazama ubavuni kwa jicho moja kama mtu anayelenga shabaha. Hakukuta mkwaruzo hata wa ukucha. Akasema, "Tangu dereva wangu aondoke sijaona mkono kama huu."

Tangu dereva wangu aondoke. Kana kwamba ulihamia mjini.

Sasa anakuja kila Jumamosi asubuhi, na hataki mwingine aliguse ila mimi. Anakaa kwenye kiti cha plastiki karibu na bomba na kuongea na simu. Ninamwosha, yaani ninaliosha, kwa uangalifu wote.

Ulinionya kuhusu tambara kavu. Nimekuelewa vizuri sana. Sitalitumia.

Mdogo wako,
Chiriku


Tarehe 1 Juni

Wewe binti,

Sitaanza kwa salamu, maana sijui namsalimu nani. Dada yangu nilimwacha ana meno.

Kwa hiyo mkono wako unamfurahisha. Hongera. Mimi nageuzwa ubavu usiku kama kiazi, na wewe unamng'arishia mwenzio gari lake mpaka ajione sura. Nilikuonya kuhusu tambara kavu, na umesema umenielewa vizuri sana! Hukunielewa hata kidogo, au umenielewa na umechagua upande wa mwenye kiti cha plastiki. Anakuachia nini? Tabasamu? Mimi pia alinipa tabasamu. Tazama liliponifikisha.

Sitaki makubwa. Nataka mtu yule siku moja tu atoke nje asubuhi, aone kitu anachokipenda kimeharibika, na asijue la kufanya. Siku moja. Mama amekuwa na siku ngapi za namna hiyo?

Na jingine. Mama alikuwa hakosi kutia neno lake mwishoni mwa barua, hata la kunitukana. Safari hii amelala. Amelala mchana? Mwamshe, aniandikishie mstari mmoja.

Usiponijibu nitajua.

Kaka yako


Tarehe 20 Agosti

Kaka yangu,

Shikamoo. Barua yako niliipata. Niliisoma nimekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, nikaiweka ndani ya buti ili iloe, nikaitoa tena. Una haki ya kukasirika, na mimi nina haki ya kunyamaza. Usinilazimishe kuandika kila kitu kwenye karatasi inayopita mikono ya watu.

Naendelea kuliosha gari. Halina mkwaruzo. Nakuapia, halijapata hata mmoja.

Nina maswali mawili, na nakuomba uyajibu kwa ukweli bila kunitukana. Siku ile ya ajali, wewe ulishuka kwenye gari? Ukishuka, ulifanya nini? La pili ni langu mwenyewe, limenikaa kooni tangu siku ya hukumu: kwa nini ulikubali? Hukuwa mjinga. Shuleni ulikuwa unawafanyia wenzako hesabu.

Kuhusu mama, usiwe na hofu. Hana maumivu.

Chiriku


Tarehe 8 Septemba

Chiriku,

Nimeisoma barua yako mara nyingi, na kila nikifika mstari wa mwisho narudi juu. Basi. Nitajibu ulichouliza.

Nilishuka. Mzee alikuwa kwenye mtaro kifudifudi, baiskeli imejikunja juu yake, maziwa yanakwenda na maji ya mvua. Nilimgeuza, nikamtoa tope mdomoni kwa vidole, nikavua sweta yangu nikaiweka chini ya kichwa chake. Alikuwa ananitazama. Bosi alisimama juu yetu na taa za gari mgongoni mwake. Hakuinama. Alisema, "Yuko hai? Basi twende." Nikakataa kuondoka, ndipo akaondoka yeye kwa miguu kupitia shambani, na alipofika nyumbani akanipigia simu.

Kwa nini nilikubali? Alilia kwenye simu. Aliniita mwanangu. Tangu baba afe hakuna mwanamume aliyewahi kuniita hivyo, na sauti ilinipata mahali pabaya. Ndiyo hiyo. Haina maana nyingine kubwa. Ukiniona mjinga, nione.

Sasa mimi nauliza. Mama yuko wapi?

Kaka yako


Tarehe 26 Oktoba

Kaka yangu mpenzi,

Shikamoo. Kaa chini kwanza. Ukisoma umesimama, mwombe seremala mwenzio akusogezee kiti.

Bosi amekamatwa. Sasa naweza kukuambia yote, kwa mpangilio, halafu lile la mwisho.

Wakati unaniandikia kwamba sina meno, mimi nilikuwa nimeshaanza kwenda kwa muuza maziwa. Watu wanamwita Mzee Kengele, kwa ajili ya kengele ya baiskeli yake ya zamani. Anakaa nyuma ya soko, anatembelea magongo, anashona viatu kwa sababu hiyo ni kazi ya kukaa. Nilijua akisikia mimi ni nani atanifukuza. Nikamwambia hivyohivyo, "Mzee, mimi ni dada wa yule dereva aliyefungwa kwa ajili yako."

Hakunifukuza. Aliendelea kuvuta uzi. "Afungwe," akasema. "Kila nikiamka na mguu huu namkumbuka mle ndani, nafarijika. Mnene yule, na pete yake."

Nikamwambia, "Kaka yangu si mnene, mzee. Ukimwona ni mpini wa fagio. Hajawahi kuvaa pete."

Akaacha kushona. "Dereva si ndiye yule mnene aliyekuwa kwenye usukani? Kulikuwa na kijana mwembamba upande wa pili. Ndiye aliyenitoa tope mdomoni. Nimekuwa nikiuliza watu nimpate nimshukuru."

"Huyo ndiye aliyefungwa."

Kaka, sijawahi kuona uso wa mtu ukigeuka vile. Ulipokiri kosa hakuna aliyemwita mahakamani. Alikuwa hospitali, akaambiwa tu dereva amefungwa, akashukuru. Akachomeka sindano kwenye soli ya kiatu. Halafu akauliza swali moja: "Na yule mnene yuko wapi?"

"Kila Jumamosi asubuhi namwoshea gari."

Akasema, "Nipeleke."

Sikumpeleka. Nilimwambia asubiri. Mtu kama Bosi ukimshtaki kwa maneno ya fundi viatu na mwosha magari, anacheka, anapiga simu, mambo yanaisha. Nilikwenda kwa mwanamke mmoja wakili, wa wale wanaosaidia watu bure. Aliandika maelezo ya mzee. Akataka kujua yako, ndiyo maana nikakuuliza kama ulishuka. Majibu yako na maneno ya mzee yalikuwa pacha, mpaka sweta. Lakini wakili akasema bado ni neno lenu dhidi ya neno lake, na lake ni kwamba alikuwa nyumbani amelala.

Sasa umeelewa kwa nini sikulikwaruza? Wewe ulitaka alie siku moja. Kaka, rangi inapigwa upya. Angekasirika, angenifukuzisha kazi, na Jumamosi inayofuata angeosha kwingine. Mimi nilimtaka kwenye kile kiti cha plastiki, kila wiki, saa ileile, ameshiba na hana wasiwasi. Kila nilipolaza taulo juu ya boneti lile nilikuwa nakaza kamba. Na usifikiri haikuniuma. Kuna siku alikuwa anacheka na simu, na tambara kavu lilikuwa chini karibu na mguu wangu. Nililipiga teke likaingia mtaroni, nikaendelea kulaza taulo.

Jumamosi ya mwanzo wa mwezi huu ilinyesha usiku kucha. Nilijua atakuja na tope. Alikuja. Wakili alikuwa ameshafika, na gari lake dogo chafu kwenye foleni, amekaa kwenye benchi na wateja wengine, na kando yake askari mpelelezi aliyevaa kiraia. Nikaanza kumwagia maji paani, taratibu, kama ulivyonifundisha. Ndipo Mzee Kengele akaingia na magongo yake.

Akasimama mbele ya kiti. "Unanikumbuka?"

Bosi akatia mkono mfukoni bila kumtazama, akamnyooshea noti. "Chukua mzee, kanywe chai."

"Rudisha. Mimi ndiye uliyeniacha mtaroni na maziwa yangu."

Watu wakaanza kugeuka. Bosi akatabasamu lile tabasamu lake. "Pole sana, mzee. Ile kesi ilikwisha. Dereva wangu alikiri, yuko ndani. Mimi nilikuwa nyumbani."

"Aliyekuwa kwenye usukani ni wewe. Nilikuona."

"Hukuona kitu!"

"Nilikuona na pete yako."

Nilifunga bomba. Yakabaki maji yakidondoka kutoka kwenye bampa. Bosi alikuwa amesimama, shingo imeiva, kidole kwenye uso wa mzee, akapaza sauti: "Utaniona vipi na wewe ulikuwa umelala kifudifudi mtaroni, uso wote tope? Mpaka yule kijana alipokugeuza!"

Akayasikia maneno yake mwenyewe. Mpelelezi akainuka kwenye benchi, akakung'uta suruali, akamwambia, "Samahani, bwana. Uliyaona hayo ukiwa kitandani kwako?"

Nilishika sponji yangu, nimesimama nyuma ya gari, na mpaka anaingizwa kwenye gari la polisi hakunitupia jicho. Alichosema kwa msimamizi ni, "Yule binti alimalizie, asije mwingine akalikwaruza."

Maombi ya kupitia upya hukumu yako yamepelekwa. Wakili anasema mwezi ujao utaitwa.

Sasa lile la mwisho. Umeniuliza mama yuko wapi, na mimi nimekujibu kwa kona kona kama mwizi. Mama alifariki mwezi wa nne, kaka. Mvua ya siku ile ya godoro haikumtoka kifuani. Shangazi alikuja kwa mazishi. Sikukuambia kwa sababu nakujua. Ungesikia ukiwa na randa mkononi, ungemparamia wa kwanza kukutazama vibaya, wangekuongezea miaka, na mimi ningebaki na nani? Niite jina lolote. Alikutaja. Aliuliza kama umekula.

Chiriku


Tarehe 17 Novemba

Mdogo wangu,

Barua yako niliisoma karakana. Nikaikunja, nikaitia mfukoni, nikaendelea na kazi. Baadaye fundi mwenzangu akanishika bega akasema, "Ndugu yangu, mbao ilishadondoka. Unapiga randa hewa." Basi wakanikalisha. Watu hawa unaowasikia wabaya walikaa na mimi kama matanga, hakuna aliyeniambia nyamaza.

Sikuiti jina lolote. Ulichofanya ni sawa. Ningefanya ulichosema.

Ngoja nikupe habari. Wiki iliyopita walileta mahabusu wapya. Nilikuwa nabeba viti tulivyotengeneza kuvipeleka ofisini, napita kwenye korido wanapoandikishwa, na nikamwona. Pete wameivua. Pale ilipokuwa pamebaki duara jeupe kwenye kidole. Viatu havina kamba. Alikuwa amesimama kwenye mstari, ameshika suruali yake kwa mkono isidondoke.

Nilikuwa nimeyatunga maneno kwa muda mrefu sana, Chiriku. Usiku tukigeuzana nilikuwa nayapanga. Nilipomwona yote yakakimbia, na mikono yangu yenyewe ikashusha viti chini. Afande wa zamu ananijua, anasoma barua zetu. Akaniona. Akatazama dari.

Bosi naye akaniona. Macho yakamjaa machozi mara moja, nayajua machozi yale. Akanisogelea akasema kwa sauti ya chini, ileile ya kwenye simu, "Mwanangu. Yule kilema ameniponza. Tukiwa pamoja humu tutasaidiana, wewe unajua nilivyokuwa nakupenda. Mama hajambo?"

Nilidhani nitampiga. Ngumi ilikuwa imeshafungwa. Halafu nikakuona wewe, na sponji yako, miezi yote ile.

Nikamwambia, "Mama yangu alizikwa mwezi wa nne, kwa mvua uliyomtupa ndani yake. Na mzee hakukuponza. Yule binti wa Jumamosi, ambaye hukutaka mwingine aliguse gari lako ila yeye, ni dada yangu. Tumbo moja."

Akasema, "Yule?"

"Yuleyule."

Nikamwacha akumbuke. Nilimwona akikumbuka, Jumamosi moja baada ya nyingine, zinampita usoni: funguo alizokurushia, simu zote alizoongea wewe ukimsikia, sifa alizokupa. Akatafuta pa kukaa. Benchi limejaa. Akateleza na ukuta mpaka sakafuni, suruali imemponyoka mkononi, na mstari mzima unamtazama.

Viti vilikuwa vinne, vipya, miguuni pangu. Nikavibeba vyote, nikaenda zangu ofisini.

Kaka yako